Nyuzi 500

Harry Hess alikuwa na mwamba ambao haukuunguza majirani zake.

Mwamba huo umejaa serpentini, madini ya kijani yenye utelezi na mabaka kama ngozi ya nyoka, ndiko lilikotoka jina. Hukutwa umejipanga kwenye safu za milima kama Appalachia, Marekani. Asili yake ni peridotiti, mwamba mzito wa kilindini uliojaa olivini. Peridotiti kavu haiwi uji mtupu mpaka joto lipite nyuzi 1500 za Selsiasi. Kama ilipanda ikiwa imeyeyuka hivyo, mbona miamba ya pembeni haina alama za kuungua? Mwaka 1938 Hess, mhadhiri wa Princeton, alijibu kwamba magma ile ilipanda na maji mengi ndani yake, na maji ndiyo yaliyoshusha joto la kuyeyuka.

Nakiri nalipenda jibu hilo. Linaeleza kila kitu. Kasoro yake ni kwamba hakuna aliyekuwa amelipima.

Norman Bowen, ambaye kwa miaka mingi hakuamini magma za namna hiyo, alilipima. Yeye na Orville Tuttle, katika maabara ya Taasisi ya Carnegie jijini Washington, walifungia magnesia, silika na maji ndani ya vyombo vidogo vya chuma, wakavipasha moto chini ya mgandamizo mkubwa. Mwaka 1949 walitangaza matokeo: chini ya nyuzi 1000 hakuna magma ya serpentini. Na serpentini yenyewe, ikivuka takriban nyuzi 500, huvunjika ikawa olivini na talki, ikayaachia maji yake. Kumbe haizaliwi na moto. Huzaliwa pale peridotiti iliyokwisha kuwa ngumu inapokutana na maji, nayo maji yakaingia hadi ndani ya fuwele, kiasi cha asilimia 13 ya uzito wake.

Hess alishindwa, akakubali, akaachana na magma yake. Ila namba ya mshindani wake hakuiacha.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa amehudumu kwenye meli ya kijeshi katika Pasifiki, akipima kina cha bahari kwa mwangwi njiani. Katika makala iliyochapishwa 1962, ile aliyoiita ushairi wa jiolojia, alisema sakafu ya bahari huzaliwa kwenye migongo ya katikati ya bahari, husogea, kisha huzama. Kwa nini basi ganda la chini ya bahari lina unene unaokaribiana kila mahali? Kwa sababu, alisema, ni peridotiti iliyogeuka serpentini, na mpaka wake wa chini ni pale joto lilipofika nyuzi 500. Likizama na kupata joto tena, maji hurudi baharini. Bowen hakuisoma, alifariki 1956.

Hapo napo Hess alikosea: sehemu kubwa ya ganda hilo ni basalti na gabro. Kusogea kwa sakafu ndiko kulikothibitika. Na serpentini ipo chini ya bahari, ila si kila mahali. Mwaka 2000 watafiti katika Atlantiki walikuta minara myeupe ya chokaa, mingine mirefu kama jengo la ghorofa kadhaa, ikitoa maji ya uvuguvugu yenye hidrojeni. Chini yake, peridotiti inaendelea kunywa bahari.