Maktaba ya McMillan: jengo la wachache linavyorudishwa kwa wengi

Katika vitabu vya sheria za Kenya, kati ya sheria za ardhi, kodi na jinai, imo moja iliyotungwa kwa ajili ya jengo moja tu. Jengo hilo ni Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, iliyoko katika Barabara ya Banda, jirani na Msikiti wa Jamia jijini Nairobi. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1938, miaka 7 baada ya milango kufunguliwa. Serikali ya kikoloni iliithamini maktaba hiyo kiasi cha kuiwekea ulinzi wa pekee, lakini Mwafrika aliyepita mbele ya nguzo zake, kitambulisho cha lazima, kipande, kikining'inia shingoni, hakuwa na ruhusa ya kuingia kusoma hata gazeti.

Leo kundi la Wakenya limejitwika kazi ya kuifufua maktaba hiyo pamoja na matawi yake mawili, Kaloleni na Makadara. Kupaka rangi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Iliyo nzito ni kumfanya mkazi wa kawaida wa Nairobi aione maktaba kuwa mali yake.

Jina la McMillan lilitokana na Sir William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872. Alihamia Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne iliyopita na kumiliki shamba kubwa la Juja. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, muda mfupi baada ya kuondoka ikulu ya Marekani, McMillan alikuwa miongoni mwa wenyeji wake. Alifariki mwaka 1925 na akazikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wengi wanaujua kama Kilimambogo. Mkewe, Lady Lucie McMillan, ndiye aliyesimamia ujenzi wa maktaba ya kumkumbuka, akisaidiwa na fedha za Shirika la Carnegie la Marekani.

Maktaba ilifunguliwa mwaka 1931. Nje iliwekewa ngazi pana, nguzo ndefu na simba wa mawe. Ndani, pamoja na vitabu, zilikaa pembe za ndovu na samani zilizotoka nyumbani kwa mwandishi Karen Blixen, ambaye mwaka huohuo alishindwa na shamba lake la kahawa akarudi Denmark. Kila kitu humo kilimwambia mlowezi kwamba yuko kwake.

Wasio Wazungu walilazimika kutafuta pengine. Wahindi wa Nairobi walijenga ukumbi na maktaba yao kwa kumbukumbu ya mwanasiasa M. A. Desai. Kwa Mwafrika, jiji lenyewe lilikuwa mahali pa kuja kufanya kazi kisha kuondoka, na makao yake yalipangwa mashariki, mbali na ofisi na maduka makubwa. Ubaguzi huo katika maktaba ulidumu zaidi ya robo karne. Ulilegea mwishoni mwa miaka ya 1950, na uhuru ulipokaribia, Baraza la Jiji likaichukua maktaba na kuifanya ya umma.

Baadaye huduma ilipelekwa Eastlands, upande huohuo wa mashariki, kupitia matawi ya Kaloleni na Makadara. Kaloleni si mtaa wa kupita tu. Nyumba zake zilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na ukumbi wake wa kijamii ulikuwa uwanja wa mikutano ya kudai uhuru. Mwanasiasa Tom Mboya ni miongoni mwa waliowahutubia wananchi huko. Kuwapa watu wa mtaa huo maktaba kulikuwa haki iliyochelewa.

Lakini kufungua milango ni jambo moja, na kuitunza nyumba ni jambo jingine. Miaka ilivyopita, bajeti za baraza zilielekea kwingine. Vitabu vipya vikaadimika, vya zamani vikashika vumbi, na paa na taa zikachakaa. Wakutubi waliendelea kuripoti kazini kila asubuhi, wakihudumia zaidi wanafunzi waliotafuta meza tulivu ya kufanyia mazoezi ya shule. Katiba ya mwaka 2010 ilipokabidhi maktaba kwa serikali za kaunti, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilirithi hazina kubwa pamoja na uchakavu wake.

Mwaka 2017, Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya, na Angela Wachuka, mchapishaji, walianzisha shirika lisilo la faida liitwalo Book Bunk. Wote wawili walitoka katika ulimwengu wa vitabu. Ujenzi haukuwa fani yao. Mwaka uliofuata waliingia makubaliano na kaunti kuhusu maktaba zote tatu: majengo yabaki ya umma, wakutubi wabaki watumishi wa kaunti, na shirika litafute fedha, wataalamu na watu wa kujitolea.

Mtu angetarajia waanze na jengo la nguzo, lililo maarufu na rahisi kuombea michango. Wao walianza na matawi ya Eastlands. Waliwauliza wakazi wanataka maktaba ya namna gani, kisha wakakarabati Kaloleni na Makadara kwanza. Naona hapo ndipo penye maana kuu ya mradi huu. Kwa miongo mingi kila kizuri cha Nairobi kilianzia katikati ya jiji, na watu wa mashariki wakapata masalio. Safari hii waliokuwa mwisho wa foleni walihudumiwa mwanzo.

Kazi nyingine ni ile isiyoonekana na mpita njia. Pale McMillan kuna magazeti ya zamani ya Afrika Mashariki, kumbukumbu za bunge na picha ambazo si rahisi kuzipata kwingine. Karatasi ya miaka mingi hukatika ikiguswa ovyo. Inabidi kila kitu kifutwe vumbi, kiorodheshwe, kipigwe picha na kuhifadhiwa kidijitali, ukurasa baada ya ukurasa. Humo mna amri zilizowanyang'anya babu zetu ardhi na mijadala ya walowezi kuhusu kodi na vibarua. Hata ushahidi dhidi ya ukoloni umelala ndani ya jengo la wakoloni.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaikie kumbukumbu ya mlowezi. Swali lao ni halali, na walioliuliza kwa uchungu wana sababu. Lakini jengo likianguka, McMillan hapotezi kitu. Kaburi lake liko Kilimambogo. Atakayepoteza ni mtoto wa Makadara mwenye njaa ya kitabu cha hadithi, na mtafiti anayetaka kujua nani alisaini hati ipi. Aidha, mawe yale yalichongwa na kubebwa kwa jasho la watu ambao hawakuruhusiwa kukalia viti vya ndani. Wajukuu wao wana haki ya kuvikalia.

Mwenye mali hutambulika kwa kuitunza. Michango ya wafadhili na nguvu za wanaojitolea zimefufua matawi mawili, lakini haziwezi kuwa bajeti ya kudumu ya maktaba za jiji zima. Kaunti inapaswa kutenga fedha za vitabu, mishahara na ukarabati kila mwaka, nasi wakazi tunapaswa kuzidai katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, kama tunavyodai barabara na maji. Sheria ya 1938 iliwalinda wachache waliokuwa ndani. Tukitaka maktaba iwalinde wote, ulinzi huo utaandikwa katika makadirio ya matumizi ya kaunti, na saini inayotakiwa hapo ni ya watu tuliowachagua wenyewe.