Karata zilizobebeshwa siri

Mwaka 1781, mjini Paris, msomi mmoja aitwaye Antoine Court de Gébelin alichapisha juzuu ya nane ya kitabu chake kikubwa kuhusu ulimwengu wa kale, na ndani yake akatoa dai ambalo halijafutika hadi leo. Alisema karata za taroti, ambazo wenzake walikuwa wakizichezea tu, ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri kilichonusurika kwa kujificha ndani ya mchezo. Ushahidi hakuwa nao. Maandishi ya Misri ya kale wakati huo hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma. Jean-François Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822, na humo hazikuonekana karata wala habari zake. Lakini dai lilikuwa limekwisha ota mizizi, na hata leo, anayenunua seti ya taroti ili ajitafakari mwenyewe, akiwa hana nia yoyote ya kutabiri, mara nyingi hununua na hadithi hiyo pamoja nayo. Nadhani haihitaji. Historia iliyothibitishwa inampa mtu wa aina hiyo nasaba ya heshima zaidi kuliko ile ya kubuni, na pia inamwonyesha seti ipi achukue na aitumie vipi.

Karata ziliingia Ulaya kutoka ulimwengu wa Kiislamu katika miaka ya 1370. Mwaka 1377 watawala wa Florence walikuwa tayari wanautungia sheria mchezo huo, wakiuita mgeni. Katika kasri la Topkapı, Istanbul, imehifadhiwa seti ya karata za Wamamluki wa Misri yenye vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Haina sura za watu, bali majina ya vyeo: mfalme, naibu wake na naibu wa pili. Waitalia walizichukua aina hizo nne karibu kama zilivyo, ila kwa kuwa polo hawakuijua, fimbo zikageuka marungu. Wareno nao walikuwa na karata za ukoo huo, na athari yao ingali vinywani mwetu: mchezaji wa Mombasa au Unguja anayetaja kopa, uru, shupaza na pau anataja, kwa Kireno kilichoswahilishwa, vikombe, dhahabu, panga na marungu, ingawa michoro aliyoishika ni ya Kifaransa. Kwa hiyo Misri ina mkono katika habari hii, lakini ni Misri ya masultani, si ya mafarao.

Walichoongeza Waitalia wa kaskazini, kiasi cha mwaka 1440, ni kundi la tano: picha 21 zenye kushinda karata nyingine zote, pamoja na Mpumbavu asiye na namba. Ukijumlisha na karata 56 za kawaida unapata 78. Kundi hilo waliliita kwa jina la ushindi, na hiyo ndiyo asili ya turufu, katika mchezo wao na katika wetu. Septemba 1440 mthibitishaji wa hati Giusto Giusti aliandika katika shajara yake kwamba alimpatia Sigismondo Malatesta, jemadari na mtawala wa Rimini, seti ya karata hizo. Seti maarufu iliyotengenezewa watawala wa Milan, kina Visconti na Sforza, imepakwa dhahabu, na karata zake 74 zilizosalia leo zimegawanyika kati ya New York na Bergamo. Picha zake ni zile alizozijua Mkristo yeyote wa Italia wa enzi hiyo: Papa, Kaisari, Haki, Gurudumu la Bahati, Mauti, Jua. Wala idadi haikuwa na utakatifu wowote, kwani Bologna walichezea karata 62 na Florence wakaja kuwa na mchezo wa karata 97. Mwanafalsafa wa Oxford, Michael Dummett, aliyekusanya ushahidi wa mchezo huu katika kitabu kinene cha mwaka 1980, alionyesha kwamba kwa zaidi ya karne tatu kazi kuu ya taroti ilikuwa kuchezewa. Ufaransa na Austria bado inachezwa, na wachezaji wake wengi hushangaa kuulizwa kama wanabashiri.

Hata hivyo, kulikuwa na kazi ya pili, na ndiyo inayonivutia zaidi. Katika karne ya 16, kwenye makasri ya Italia, washairi walizoea kumpa kila bibi au bwana turufu yake, kisha kutunga beti za kueleza kwa nini picha hiyo inamfaa: huyu Nyota, yule Gurudumu, na mwingine, kwa utani, Mpumbavu. Aliyezoea ushairi wa kujibizana wa pwani ataifahamu upesi ladha yake, sifa na kijembe vikitembea pamoja. Mwaka 1527 mtawa na mshairi Teofilo Folengo alichapisha kitabu ambamo watu wanagawiwa turufu, na kila mmoja anatungiwa soneti kutokana na picha zilizomwangukia. Huku si kufunua ghaibu. Mgawo unaletwa na bahati, maana inaletwa na mshairi, na aliyetungiwa anabaki kujiuliza kama kweli yuko hivyo. Jambo hili lilifanyika miaka zaidi ya 250 kabla ya Court de Gébelin kushika kalamu. Kujitazama kupitia taroti, kwa hiyo, si utabiri uliopunguzwa makali ili ukubalike mijini. Kuna kitu cha namna hiyo kilichoutangulia.

Mwanahistoria makini atanikumbusha kwamba utabiri nao haukuzaliwa siku moja. Ni kweli. Ipo hati ya Bologna, iliyoandikwa kiasi cha mwaka 1750, yenye orodha ya karata za taroti na maana zake za kubashiria. Lakini maana zake ni fupi na za nyumbani, mambo ya safari, mapenzi na usaliti, na hakuna kuhani wa Misri hata mmoja. Mfumo wa siri ulijengwa baadaye, tena unaweza kuwataja wajenzi wake. Jean-Baptiste Alliette, Mparisi aliyeligeuza jina lake kinyumenyume likawa Etteilla, alikuwa ameandika mwaka 1770 kuhusu kubashiri kwa karata za kawaida. Baada ya dai la Misri akahamia kwenye taroti, na mwaka 1789 akatoa seti yake mwenyewe, ya kwanza inayojulikana kutengenezwa kwa ajili ya utabiri tu. Katika miaka ya 1850 Éliphas Lévi akaziunganisha picha 22 na herufi 22 za Kiebrania. Kila aliyekuja aliongeza mzigo juu ya mzigo, na kila mmoja alisema anakumbusha tu kilichosahaulika.

Waliogeuza mambo walikuwa wawili, London, Desemba 1909. Arthur Edward Waite, mwandishi wa mambo ya siri ambaye hata hivyo aliikataa nasaba ya Misri, alimwajiri Pamela Colman Smith achore seti mpya iliyochapishwa na kampuni ya Rider. Smith alizaliwa London mwaka 1878, akaishi utotoni Jamaica, akasomea sanaa Brooklyn, kisha akafanya kazi na watu wa maigizo. Mwaka 1899 alikuwa amechapisha kitabu cha ngano za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari na Waafrika wa magharibi waliofanywa watumwa, mwenzake sungura wa hadithi zetu. Alikuwa, kwa maneno mengine, msimuliaji kabla ya kuwa mtu wa siri. Katika taroti iliyokuwa imeenea Ufaransa, tano ya vikombe ni vikombe vitano tu vilivyopangwa. Smith alichora mtu aliyevaa joho jeusi, ameinama akitazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake viwili vimesimama wima. Nane yake ya vikombe ni mtu mwenye fimbo anayeviacha vikombe vyake na kuondoka usiku chini ya mwezi. Seti moja ya Italia ya mwishoni mwa karne ya 15, inayoitwa Sola Busca, ilikuwa imetangulia kuzichorea picha karata ndogo zote. Picha zake za kamera zilifika British Museum mwaka 1907, na moyo uliochomwa kwa panga tatu uliomo humo unafanana mno na ule wa Smith. Kwa kazi hiyo yote alimwandikia rafiki yake Alfred Stieglitz kwamba malipo yalikuwa madogo sana. Alifariki mwaka 1951 katika mji mdogo wa Cornwall bila kuuona utajiri ambao michoro yake iliwaletea wengine.

Mchango wa Smith ndio uliofanya kujitafakari kuwezekane kwa mtu asiye na kitabu cha maana mkononi. Anayeangalia vikombe vitano vilivyopangwa lazima aambiwe vinamaanisha nini, na atakayemwambia ndiye mwenye mamlaka. Anayemwangalia mtu wa joho jeusi anaweza kuuliza mwenyewe: mimi nimekiinamia nini, na nyuma yangu kuna nini? Italo Calvino alilielewa jambo hili kwa njia yake alipoandika riwaya, mwaka 1973, ambayo wahusika wake wamepoteza sauti na wanasimuliana maisha yao kwa kupanga karata za taroti mezani. Mmarekani Rachel Pollack alianza kuchapisha mwaka 1980 ufafanuzi wa picha hizo kama safari ya nafsi, na mwaka 1984 Mary K. Greer akatoa kitabu cha mazoezi kinachomtaka msomaji ajisomee mwenyewe na kuandika. Hapo mtabiri aliondolewa mezani.

Pingamizi zito linatoka kwa wanasaikolojia. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kile walichoambiwa ni tathmini ya tabia ya kila mmoja. Waliipa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5, na wote walikuwa wamepewa maneno yaleyale, mengi yakiwa yametoka katika kitabu cha unajimu. Binadamu hujiona katika chochote. Nalikubali pingamizi hili kwa ukamilifu wake pale linapomhusu mtu anayemwambia mteja “wewe uko hivi” na kupokea fedha. Lakini wanafunzi wa Forer walipewa kauli za kukubali au kukataa, ilhali picha haimpi mtu kauli. Inampa tukio lisilokamilika, na anayelikamilisha ni yeye. Mwaka 1935 Christiana Morgan na Henry Murray wa Harvard walianzisha jaribio linalofanana na hilo: unaonyeshwa picha ya watu walio katika hali isiyo wazi, unatunga kisa chao. Wataalamu wamebishana kwa miongo kama jaribio hilo linaweza kupima tabia. Anayejitafakari hapimi kitu. Anatafuta pa kuanzia kufikiri. Hata hapo asidai zaidi ya anachopata, maana karata haitibu sonona, na mwenye msiba au hofu isiyoisha anahitaji mtu wa kumsikiliza.

Pingamizi la pili kwetu lina uzito zaidi ya maabara. Mtu wa pwani akiona karata zinatandazwa na swali linaulizwa, atasema hiyo ni ramli, na ramli hukumu yake inajulikana. Sura ya al-Maida inazikataza kamari na mishale ya kupigia kura, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakataa uaguzi wa kila namna. Sioni haki ya kumcheka anayejiepusha kwa sababu hiyo, hasa kwa kuwa historia niliyoieleza inaonyesha jinsi mchezo ulivyoteleza hadi ukawa uaguzi katika kizazi kimoja cha Paris. Mpaka upo, ila hauko kwenye karatasi yenye picha, uko kwenye swali linaloulizwa. “Je, atarudi?” ni swali la mpiga ramli. “Nikifikiria kurudi kwake, ninaogopa nini?” ni swali ambalo mtu angeweza kujiuliza hata bila karata, na karata inamsaidia tu kulikalia. Mwenye imani inayomkataza vyote viwili ana njia nyingine za kujihoji, na hapungukiwi kitu.

Kwa anayeamua kutumia, uchaguzi unafuata hoja hii. Aitazame seti nzima kabla ya kununua, asiangalie turufu peke yake, kwa sababu karata ndogo ndizo zenye ugomvi wa nyumbani, kazi inayochosha na mgonjwa kitandani. Seti ya Smith inabaki mwanzo mzuri, na kwa kuwa miaka sabini imepita tangu afariki, nchini Uingereza michoro yake haina tena haki miliki. Anayejua kucheza taroti kweli anaweza kupendelea ile ya Kifaransa na ugumu wake. Habari kwamba seti ya kwanza lazima upewe zawadi, au kwamba usiiache iguswe na mwingine, hazimo katika ushahidi wa wachezaji wa Italia, ambao walizinunua madukani na kugawiana usiku kucha. Kisha achange, atoe karata moja, aandike anachokiona kabla ya anachodhani kinamaanisha, na aweke tarehe ili baada ya miezi kadhaa aone ni jambo gani amekuwa akilirudia. Akijikuta anachanga upya kwa sababu karata iliyotoka haikumpendeza, ajue swali lake limekwisha hama upande, na azirudishe kwenye kasha lake.