Paa la Nyumba Katika Nchi ya Uha: Nyasi, Vigae na Bati

Wazee wetu husema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hilo ni kweli. Walakini leo hatutaingia ndani, wala hatutasimama mlangoni. Twataka kuinua macho na kulitazama paa. Maana ukuta ukipasuka mtu aweza kuuziba kwa udongo, na mlango ukivunjika aweza kuegemeza ubao. Lakini paa likivuja usiku wa masika, watu wote wa nyumba huamka, na unga, na mbegu, na madaftari ya watoto huloa pamoja. Basi twawauliza: mtu wa Kasulu au wa Kibondo atakaye kujenga nyumba, aiezeke kwa kitu gani? Kwa nyasi, kama babu yake? Kwa vigae? Au kwa bati? Ili tujibu vema, yatupasa kwanza kujua jinsi kila kimoja kilivyofika katika nchi ya Uha.

Nchi hiyo ni ya vilima. Magharibi yake ni mpaka wa Burundi na Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki na kusini ardhi hushuka kuelekea mabonde ya mto Malagarasi. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, ikaendelea hata Mei, na katika mwaka wa kawaida hupata milimita 1,000 au zaidi. Kisha hufuata kiangazi kikavu. Juu ya vilima hustawi migomba na maharage. Chini ni pori la miyombo, na vinamasi vya Malagarasi na Muyovozi, ambavyo mwaka 2000 viliandikwa kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya mapatano ya Ramsar ya kuhifadhi ardhi zenye maji. Hivyo watu wa kale hawakukosa nyasi, wala miti, wala udongo.

Waha wa zamani walijenga nyumba za mviringo, zilizofanana na mzinga wa nyuki, kama walivyojenga jirani zao wa Burundi na Rwanda. Fito ndefu zilichomekwa ardhini kwa duara, zikapindwa mpaka vichwa vyake vikakutana juu, zikafungwa kwa kamba za magome ya miti. Kisha nyasi ziliteremshwa tabaka juu ya tabaka, toka kileleni hata karibu na ardhi, hata mgeni asiweze kusema ukuta waishia wapi na paa laanzia wapi. Ndani yake mchana palikuwa na ubaridi, na usiku wa Juni na Julai, baridi ya vilimani inapouma, palikuwa na joto. Moshi wa moto wa jikoni ulipenya katika nyasi, ukazikausha na kuwapunguza wadudu. Fundi alikuwa mwenye nyumba mwenyewe pamoja na jirani zake, na ujira wao ulikuwa chakula na pombe ya ndizi.

Tusidhani ya kuwa kazi hiyo ilikuwa ya kubahatisha. Nyasi hukatwa baada ya mbegu kukomaa na mabua kukauka, lakini kabla ya moto wa kiangazi kupita porini. Nyasi mbichi huoza, na nyasi zilizolala chini muda mrefu huliwa na mchwa. Tena paa lazima liwe la mteremko mkali, ili maji yakimbie kabla hayajazama. Mtu aliyeezeka vizuri alikaa miaka mitatu hata mitano bila kuezeka upya; mvivu aliloa mwaka wa pili. Ubaya wa nyasi nao twaujua sote: cheche moja yatosha kuiteketeza nyumba, panya hupata makao, na maji yatokayo katika paa hilo ni machafu, hayafai kunywa.

Mambo yalianza kubadilika wakati serikali ya Wadachi ilipoweka kodi ya nyumba, ambayo ilianza kutozwa mwaka 1898. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914; mwaka 1916 Wabelgiji waliichukua nchi hii katika vita, wakaishika mpaka 1921, ndipo ikawa chini ya Waingereza. Nao, kwa sheria ya mwaka 1922, waliendelea kutoza kodi ya nyumba na ya kichwa. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Nyasi hazikuwa na bei, lakini kodi haikulipwa kwa nyasi. Mtu aliyekuwa na paa alidaiwa fedha kwa ajili ya paa hilo, na fedha katika Uha zilikuwa haba. Kwa hiyo wanaume wengi walisafiri kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, wakakaa huko miezi mingi, pengine miaka. Katika safari hizo waliona vituo vya reli, maduka na maghala yaliyoezekwa kwa vitu vigeni, nao waliporudi hawakurudi na fedha tu, bali na mawazo mapya juu ya nyumba.

Kitu cha kwanza kati ya hivyo vigeni ni kigae. Wamisionari katika sehemu nyingi za bara walifundisha watu kufyatua matofali na vigae, na kuvichoma katika tanuru. Kigae cha udongo kina sifa kubwa: kikichomwa vema hudumu miaka hamsini na zaidi, hakishiki moto, hakipati kutu, wala hakipigi kelele wakati wa mvua. Walakini ni kizito. Mita moja ya mraba ya paa la vigae yaweza kuwa na uzito wa kilo 40 au zaidi, na ile ya bati jembamba ni kilo tatu au nne tu. Kwa hiyo vigae hutaka kuta imara na kenchi za mbao nene. Tena tanuru hula kuni nyingi mno. Ndiyo maana kigae, ingawa ni mtoto wa udongo wetu wenyewe, kilibaki juu ya makanisa, shule na nyumba za wakubwa, kisiteremke kwa watu wote.

Bati lilikuja kutoka mbali zaidi. Mwingereza Henry Robinson Palmer ndiye aliyepata haki ya kutengeneza mabati yenye mikunjo, huko London, mwaka 1829. Alitambua ya kuwa bamba jembamba la chuma likikunjwa kama mawimbi hupata nguvu ya kujibeba lenyewe. Miaka michache baadaye, mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alipata haki ya njia yake ya kulichovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa, ili kutu isilile upesi. Mambo hayo mawili, mikunjo na zinki, ndiyo yaliyolipeleka bati duniani kote. Lakini bati la Kasulu lilivuka bahari mpaka Dar es Salaam, likasafiri kwa reli kilomita zipatazo 1,250 hata Kigoma, kisha likapanda vilima kwa njia mbaya. Na kila hatua iliongeza bei. Kiwanda cha ALAF kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1960, safari ya baharini ikafupika. Na katika karne hii barabara ya lami imejengwa kipande kwa kipande kutoka Kigoma kupita Kasulu, Kibondo na Kakonko kuelekea Nyakanazi.

Sasa twafika katika jambo ambalo watu wengi hulisahau. Kwa nini mtu maskini atake bati ghali, hali nyasi zipo? Wengine hujibu ni majivuno. Sisi twaona iko sababu nyingine, nayo imo katika historia. Tangu mwaka 1933 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa Uha na kuwakusanya mahali pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kisha mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha tena watu wa mkoa huu waende kukaa katika vijiji vilivyopangwa. Kila mara aliyeambiwa ahame aliliacha paa lake la nyasi lioze, akaanza upya kukata, kubeba na kufunga. Bati haliko hivyo. Huezuliwa msumari kwa msumari, likafungwa, likabebwa, likaezekwa mahali pengine. Huuzwa wakati wa shida. Hurithiwa na watoto. Katika nchi ambayo watu wake wamehamishwa zaidi ya mara moja, si ajabu kwamba mtu apende paa liwezalo kuhama pamoja naye.

Likaja na paa la nne, ambalo hakuna aliyelichagua. Kutokana na vita vya Burundi mwaka 1993, na vya Kongo mwaka 1996, wakimbizi wengi mno waliingia Kasulu na Kibondo. Kambi zilifunguliwa, mathalani Nyarugusu na Mtabila katika Kasulu, na Nduta na Mtendeli upande wa Kibondo. Nyumba zao za kwanza zilikuwa fito na maturubai ya plastiki. Turubai huzuia mvua, lakini jua hulipasua upesi, na ndani yake mchana ni moto kama tanuru. Watu hao walihitaji fito na kuni, kama binadamu wengine. Na wenyeji nao waliendelea kufungua mashamba na kuchoma matofali. Miti ikarudi nyuma. Siku hizi mwenye kutafuta nyasi nzuri na fito zilizonyoka katika vijiji vingi hana budi kwenda mbali. Hivyo nyasi, ambazo zamani hazikuwa na bei, sasa zina bei ya miguu na ya siku.

Basi na tuvilinganishe kwa haki. Tuanze na maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita sita kwa nane ina mita za mraba 48. Kwa hiyo mvua ya milimita 1,000 huiangushia lita 48,000 kwa mwaka. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa maji yanayopotea, zabaki lita 38,400, yaani ndoo 1,920 za lita ishirini. Si rahisi kuyahifadhi yote, lakini hata sehemu yake, ikikingwa kwa mifereji na kuwekwa katika tangi lenye mfuniko, ni safari nyingi za mtoni ambazo mama na binti hawatazifanya. Paa la bati au la vigae hutoa maji hayo. Paa la nyasi haliyatoi.

Katika joto na kelele, nyasi na vigae hulishinda bati. Kila mwalimu aliyefundisha chini ya bati lisilo na dari ajua kwamba mvua kubwa ikinyesha somo husimama. Juu ya mbu, uchunguzi wa Gambia uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa mbu walioshinda mchana katika nyumba za bati walikufa zaidi kuliko wale wa nyumba za nyasi, kwa sababu ya joto. Lakini Gambia ni nchi ya tambarare na ya joto kuliko vilima vyetu. Kwa hiyo chandarua kisiachwe.

Wako pia wasemao kwamba bati huita radi. Radi hupenda kupiga kilichoinuka, kama mti mrefu au nyumba iliyo peke yake kilimani, hata ikiwa ya nyasi. Na ikipiga nyasi huziwasha. Bati lina adui mwingine, nao ni upepo. Kenchi isiyofungwa ukutani kwa waya au chuma, na bati jembamba lenye misumari michache, huruka siku moja ya dhoruba, na gharama yote huruka nalo.

Iko njia nyingine tena. Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho baadaye kilikuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kimefundisha kutengeneza vigae vya saruji na mchanga. Havitaki tanuru wala kuni kijijini. Hutikiswa juu ya meza, hukunjwa katika kalibu, kisha huwekwa na unyevu siku kadhaa mpaka vikaze. Hapo mwanzo vigae vya namna hii vilitiwa nyuzi za mkonge, zao lile lile ambalo Waha walikwenda kulikata Tanga. Ikaonekana kwamba saruji huzila nyuzi hizo, nazo zikaachwa. Ubora wa vigae hivi wategemea uaminifu wa fundi: akipunguza saruji au akivikausha juani upesi, vitapasuka.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kitu kimoja chafaa kwa wote. Asiye na fedha asione haya kwa nyasi. Ila akate kwa wakati, aezeke kwa mteremko mkali, na moto wa jikoni auweke katika kibanda cha peke yake. Mwenye fedha kiasi anunue bati nene, hata ikimlazimu kujenga nyumba ndogo zaidi, maana bati jembamba ni deni litakalodaiwa tena; naye atie dari na mifereji. Wanakijiji wenye fundi mwaminifu na mchanga mzuri na washirikiane kutengeneza vigae vya saruji. Na mwenye kutaka vigae vya kuchoma, apande kwanza miti atakayoichoma, asiikate ya wajukuu wake.

Jengeni basi kwa hesabu, wala si kwa kuiga jirani. Na mvua za mwezi wa Novemba zitakapoanza, kila mtu atalisikia jibu lake juu ya kichwa chake.