MOTO HUTUNZWA



Asubuhi ya leo umekwaruza njiti ya kiberiti, au umezungusha swichi ya gesi, na chai ikachemka. Hukufikiri mara mbili. Lakini kiberiti ni kitu cha juzi. Njiti za kwanza za kukwaruza zilianza kuuzwa mwaka wa 1827 na John Walker, mwuza dawa wa mji wa Stockton-on-Tees, Uingereza.

Kabla ya hapo watu walijua kupekecha vijiti na kugonga mawe mpaka cheche itoke. Ilikuwa kazi ya jasho, na mvua ikinyesha ndiyo ngumu zaidi. Kwa hiyo moto uliokwisha kuwaka ulitunzwa.

Mwaka wa 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, ulipatikana mwili wa mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Katika mizigo yake kulikuwa na chombo cha magome ya mti, na ndani yake mabaki ya makaa pamoja na majani ya kuyafungia. Mtu huyu alisafiri na moto wake!

Nyanya yangu alifanya vivyo hivyo. Kila usiku alifukia kaa kwenye jivu, alfajiri akalifukua na kulipuliza. Usiku aliosahau, mimi ndiye niliyetumwa kwa jirani na kigae, kuomba moto.

Sasa soma Walawi 9, kisha urudi sura ya 6. Moto wa madhabahu ulitoka kwa Bwana mwenyewe. Lakini kuni za kila asubuhi? Hizo ziliachiwa kuhani. Mungu aliwasha, mwanadamu akapewa kutunza.

Nakiri mbele yenu: kuna miezi nilisimama madhabahuni na moto wa kuazima, mahubiri ya wengine niliyoyasikiliza Jumamosi usiku. Kaa langu lilikuwa limezimika, na kigae kilikuwa mkononi.

Mpendwa, tumezoea kiberiti. Tunangoja kesha, mkutano au mhubiri mgeni aje atukwaruze. Ukirudi nyumbani Jumatatu, nani ataongeza kuni?

Usiku wa leo, kabla hujalala, fukia kaa lako. Zima simu. Ita watoto, someni sura moja, ombeni kwa majina yenu. Kesho alfajiri, pulizia.

Ubarikiwe. Amina.