Uvujaji wa damu katika tezi za adrenali (majeraha butu)

Uvujaji wa damu katika tezi za adrenali ni jeraha la tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, linaloletwa na kishindo kisichotoboa mwili: ajali ya gari au pikipiki, kuanguka kutoka juu, au teke. Mara nyingi huambatana na majeraha ya ini, figo, wengu au mbavu, na kwa kuwa hayo ndiyo huonekana kwanza, hili husahaulika kwa urahisi.

Chanzo

Kila tezi ina uzito wa gramu 4 hadi 5 hivi. Damu huingia kwa ateri nyingi nyembamba, lakini hutoka hasa kwa vena moja. Shinikizo likipanda katika vena hiyo, tezi hujaa na kupasuka. Tezi ya kulia ndiyo huumia zaidi. Hubanwa kati ya ini na uti wa mgongo, tena vena yake fupi huingia moja kwa moja katika vena kuu ya chini. Ya kushoto hupitisha damu yake kwanza katika vena ya figo.

Utambuzi

Maumivu ya ubavu au mgongo hayatoshi kulitambulisha jeraha hili. Kipimo kinachotegemewa ni skani ya CT, ambayo kwa kawaida huonyesha uvimbe wa mviringo wa sentimita 2 hadi 3 na mafuta ya jirani yaliyovimba. Ultrasaundi husaidia kuona damu iliyomwagika tumboni, lakini tezi zenyewe mara nyingi haizioni vizuri.

Hatari kubwa ni tezi zote mbili kuharibika. Mwili hukosa kotisoli, homoni ya tezi hizi: presha hushuka, sodiamu na sukari hupungua, potasiamu hupanda. Upungufu wa tezi hizi ulielezwa na Thomas Addison, daktari wa Guy's Hospital, London, mwaka 1855. Damu ya kupima kotisoli huchukuliwa mapema, lakini tiba haisubiri majibu.

Tiba

Tezi moja ikiumia, wagonjwa wengi hupona kwa kupumzishwa huku presha na hemoglobini zikifuatiliwa. Damu isipokoma, ateri huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa. Upasuaji ni nadra. Kwa upungufu wa kotisoli, mtu mzima hupewa mshipani haidrokotisoni miligramu 100 papo hapo, kisha 200 kwa saa 24, pamoja na dripu ya chumvi. Baadhi hutumia vidonge vya dawa hiyo maisha yote.

Ufuatiliaji

Skani hurudiwa baada ya wiki kadhaa: damu iliyoganda hunywea, uvimbe wa saratani haunywei.

Presha inayokataa kupanda baada ya mgonjwa kuongezewa maji na damu ni sababu tosha ya kuzikumbuka tezi hizi.