Mlozi wa Rungwe, chungu cha Shakespeare

Anayefundisha Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, huku Mpuguso, Rungwe, kwa tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1968, ana neno zuri la kuanzia: mlozi. Wanyakyusa, wenyeji wa hapa, husema abalosi. Mzizi ni ule ule wa kuloga. Ila mlozi wa Rungwe, kama mwanaanthropolojia Monica Wilson alivyosimuliwa miaka ya 1930, hahitaji chungu wala maneno: nguvu yake ni chatu aliyemo tumboni. Walozi watatu wa Shakespeare huloga kwa mdomo, mapigo manne kila mstari, vyura na nyoka wakichemka chunguni. Unabii wao ulitoka kwa mwanahistoria Holinshed. Chungu hakimo katika kisa chake. Lakini Ovid, mshairi wa Roma, alikwisha kumwonyesha Medea akipika dawa kama hiyo.