Skripti za kusimba na kutia saini barua pepe za biashara

Mununga iko kaskazini mwa Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Mfanyabiashara wa dagaa wakavu, wanaoitwa huko chisense, anayemtumia mnunuzi wa ng'ambo ankara kwa barua pepe ana hofu mbili: mtu wa tatu kuijua bei, au kubadilisha namba ya akaunti ili malipo yaende kwake. Mwaka 2023 FBI ya Marekani ilipokea malalamiko ya utapeli wa barua pepe za biashara yenye hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9.

Funguo mbili

Kinga ipo siku nyingi. Phil Zimmermann alitoa programu ya PGP mwaka 1991. GnuPG ya Werner Koch, inayopatikana bure, ilifikia toleo la 1.0 mwaka 1999. Kila mtu ana ufunguo wa umma, anaougawa, na ufunguo wa siri, anaoutunza. Barua husimbwa kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji, hivyo yeye ndiye awezaye kuifungua. Saini hutiwa kwa ufunguo wa siri wa mtumaji: tarakimu moja ya akaunti ikibadilishwa njiani, saini inakataa.

Kazi ya skripti

Karani mwenye haraka husahau kubonyeza. Skripti ni maagizo mafupi yanayokaa kati ya programu ya barua pepe na seva. Kwa kila barua inayotoka:

- hutafuta ufunguo wa mpokeaji;
- hutia saini na kusimba, pia kwa ufunguo wa mtumaji ili nakala yake isomeke baadaye;
- huizuia barua na kutoa taarifa ikiwa ufunguo haupo.

Hatua ya tatu ndiyo muhimu. Skripti inayopeleka barua wazi kimyakimya humfanya mwenye nayo ajione salama bure.

Mipaka yake

Saini ya skripti inathibitisha ufunguo, si mtu. Nywila ikihifadhiwa kwenye kompyuta, yeyote anayeketi hapo hutia saini ya tajiri. Zambia inatambua saini za kielektroniki kwa Sheria ya Mawasiliano na Miamala ya Kielektroniki Na. 4 ya 2021, kwa hiyo jambo hili si dogo. Weka ufunguo mkuu nje ya kompyuta, na ubakize humo ufunguo mdogo wa saini wenye tarehe ya kuisha. Anwani hazisimbwi, na mara nyingi hata kichwa cha barua. Usiandike bei hapo.

Hakikisheni funguo kwanza. Alama ya utambulisho ya ufunguo, kwa kawaida herufi na tarakimu 40, isomwe ana kwa ana mnapokutana kupakia mzigo, au kwa simu kupitia namba mliyoizoea. Akaunti mpya ya benki ithibitishwe vivyo hivyo, hata saini ikiwa sahihi.